Basi Letu Limerudi Nyumbani, Mayu

Kwako Mayu, mama yangu,

Tumerudi. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai hungesubiri salamu. Ungetoka mbio na mikono yenye unga kuuliza kama basi limefika zima. Limefika zima. Kioo kimoja cha pembeni kimebaki Ipililo kwenye tawi la mgunga, na honi imepata kikohozi, lakini limeingia Bariadi kwa nguvu zake lenyewe, na watu wote lililoondoka nao wamo ndani. Mengine nitakueleza taratibu.

Barua hii siifungi kwenye bahasha. Unajua mimi mbele za watu huwa natazama vidole vyangu vya miguu. Waliokufahamu ni wengi, siwezi kumwendea kila mmoja nimsimulie. Wasiokufahamu nao nataka wajue kwamba katika mji huu aliishi mwanamke mwenye nyumba ya magurudumu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na anayetaka kusoma asome.

Wewe ndiye uliyeiona nyumba ndani ya lile gofu. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika. Mkulima alipeleka mzigo wake kule akasubiri. Kisha soko likafunguliwa, malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupita vijijini kila moja na mizani yake, na mnunuzi mmoja wa mjini akamtafuta Baba amzungushie kikosi chake: karani na wapakiaji, kijiji hadi kijiji, msimu mzima. Shida ikawa watu hao watalala wapi na watakula nini. Baba akaleta basi kuukuu lililokuwa limeegeshwa gereji mpaka kuku wakalizoea. Majirani walicheka. Wewe ulipanda, ukatembea kutoka mlangoni hadi kiti cha mwisho ukipima kwa mkono wako, ukasema, "Hapa vitanda. Hapa magunia ya chakula. Hapa jiko."

"Mke wangu," Baba akasema, "hili ni basi."

"Lilikuwa," ukamjibu.

Viti vikang'olewa vikabaki vya mbele. Fundi akakupigia sanduku la bati, ukalijaza mchanga wa mtoni, ukalikalisha jiko la mkaa katikati yake, kule nyuma karibu na mlango uliokuwa wazi muda wote. Mfuniko wa sufuria uliufunga kwa mpira wa tairi, na maharage yakaiva huku tunatembea. Ulikuwa ukisema barabara ya Maswa inakoroga vizuri kuliko mkono wako.

Likizo za shule ya msingi nilizimalizia humo. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya lile sanduku na kukuita mvuke ukibadilika harufu. Watu wakiniuliza jina langu ulinijibia wewe, kisha ukanipa kitu cha kumenya ili nisione aibu. Hukuwahi kunisema. Nilidhani ni kwa sababu hukuliona tatizo langu. Sasa naamini uliliona vizuri sana.

Unakumbuka basi lilivyozama kwenye mchanga wa lile korongo? Baba alilizunguka, akashika kiuno. Karani Masunga akaanza kuilaumu serikali. Wewe ulishusha sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vikavu ulivyovichemsha na karanga, ukaketi juu ya tairi la akiba, ukaanza kumgawia kila aliyepita na baiskeli yake. Walikaa, wakala, wakalamba vidole. Waliposhiba ukawaambia, "Sasa, baba zangu, basi lenye chakula hicho limekwama." Walilisukuma wakiimba. Mmoja alitaka kuendelea kulisukuma hata lilipokwisha kutoka.

Ndivyo ulivyofanya kazi. Malori mengine yalikuwa na mizani mipya na makarani wenye kalamu mbili mfukoni, lakini kwako aliyesubiri foleni ya mizani alisubiri akitafuna. Watu waliuliza, "Basi la chakula limefika?" Hawakuuliza jina la mnunuzi.

Ulipoondoka, basi lilinyamaza. Nilikuwa bado shuleni. Msimu uliofuata Baba alisafiri bila mpishi, akapika mwenyewe. Mayu, unamfahamu mume wako. Karani Masunga anasema ugali ule ungeweza kupandisha ukuta na usingehitaji saruji. Katikati ya msimu yeye na Sitta mpakiaji walichukua mabegi yao wakahamia lori jingine, na mnunuzi akapeleka kazi kwa mwenye gari jingine. Baba alirudi peke yake. Aliegesha nyuma ya nyumba, akafunga mlango kwa waya.

Ndipo alipokuja mfanyabiashara wa samaki kutoka Lamadi. Alitaka kuling'oa vitanda na sanduku lako la mchanga, apakie dagaa na sangara. Alikuja mara nyingi, na kila mara alilipiga teke tairi kana kwamba anamwamsha mtu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikamkuta ameketi na Baba ukumbini.

"Liko linakaa tu, mzee," alikuwa akisema. "Gari lisilokwenda ni banda la kuku."

Baba aligeuka akalitazama basi kupitia dirishani. Kisha akasema, "Ngoja msimu unaokuja upite. Nitajaribu mara moja ya mwisho. Watu wakinikimbia tena, basi ni lako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Mgeni alipoondoka nikasema, "Baba, nitapika mimi."

Alinitazama kama niliyemwambia nitaendesha.

"Minza, watu wa mizani hawali huruma."

"Nitapika, Baba."

"Na kijijini nani atakuwa anaongea na wenye kaya? Mama yako alikuwa anaongea."

Nilikwenda nikaifungua ile waya, nikafagia mavi ya kuku, nikabadilisha mchanga.

Baba alimwendea mnunuzi, kisha akawaendea Masunga na Sitta. Walikubali kurudi kwa sharti moja, kwamba yeye asishike mwiko. Tulianzia Dutwa kama ulivyokuwa ukianza. Asubuhi ya kwanza nilipika uji wa mtama, nikawapa bila kusema neno. Sitta alipokea bakuli, akalitazama, akanitazama.

"Binti," akasema, "ukipika kidogo kama unavyoongea tutakufa."

"Mwache," karani akamwambia. "Mwaka jana tulikuwa na mpishi anayeongea. Ulishiba?"

Baba alikuwa chini ya basi akikaza kitu. Nilisikia spana ikisimama, kisha ikaendelea.

Dutwa kulikwenda vizuri. Watu walilitambua basi, baadhi waliuliza habari zako, Baba akawajibu. Ipililo pia. Nilipika choroko, nikapika nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, na karanga nyingi kama ulivyokuwa ukiweka, na Sitta akaacha kunitania akaanza kuniletea kuni kabla sijaomba. Kila tulikopita watu walikuzoea wewe, kwa hiyo mimi nilipita katika njia uliyoifyeka. Nilianza kujiona mpishi. Nilidhani kazi yako yote ilikuwa ndani ya sufuria.

Kisha tukafika Shishiyu. Huko hukufika, Mayu. Mnunuzi alitutuma kwa mara ya kwanza, na upande wa pili wa barabara lori la mnunuzi mwingine lilikuwa limekwisha kutundika mizani yake.

Tuliegesha mbele ya kaya ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Jua lilikuwa bado juu. Baba na wenzake walikwenda kusalimiana na wanaume pale shikome, kwenye moto wao wa uani ambako kila mke huleta chungu chake na wanaume hula pamoja. Mimi nilitakiwa kwenda jikoni kwa wanawake. Niliwaona kutoka dirishani. Mama mwenye kaya, mtu mnene mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alikuwa na wakwe zake watatu, na wote walikuwa wakicheka. Walimwita Ng'wana Nkwabi, yaani binti wa Nkwabi. Miguu yangu ilikataa. Nikajiambia chakula kitaongea. Niliokota mawe matatu kando ya basi, nikachukua kiberiti, nikawasha moto, nikapika.

Nakuhakikishia kilikuwa chakula kizuri kuliko vyote nilivyopika msimu huo. Nilikipeleka shikome kichwani, nikakiweka kati ya vyungu vingine, nikarudi nyuma. Wanaume wakanawa. Wakala cha chungu hiki, wakala cha kile. Sufuria yangu ilibaki imefunikwa.

"Mzee, onjeni na cha wageni," Baba alisema.

"Tumeshiba, ndugu yangu," mzee akamjibu kwa upole. "Wabeja." Alishukuru hivyo huku mkono wake unakata tonge jingine.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Ng'wana Nkwabi, ikimwambia mtu na isimwambie mtu. "Kumbe siku hizi wageni wanatembea na moto wao! Haya. Mtu akiwasha moto mlangoni pako, anawatangazia majirani kwamba jikoni kwako pamepoa."

Hakuna aliyecheka. Baba aliinamisha kichwa. Nilirudisha sufuria yangu ikiwa nzito vilevile.

Asubuhi mikokoteni ya ng'ombe ilianza kushuka na pamba. Ilipita mbele yetu, ikavuka barabara, ikaenda kwenye lori la wenzetu. Mmoja baada ya mwingine. Habari ilikuwa imelala kila nyumba. Mizani yetu ilining'inia mtini bila mzigo, upepo ukiichezesha ndoano. Sitta alikaa juu ya magunia matupu akichora mchangani. Karani Masunga alipanda ndani ya basi, akashuka na godoro lake limekunjwa.

"Mzee Maduhu, usinione vibaya. Nina watoto. Lori lile linatafuta karani."

"Subiri mpaka mchana," Baba akasema.

"Mwaka jana pia ulisema subiri."

Baba alikuwa analitazama basi jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekwisha kuuzwa ambaye bado hajafunguliwa kamba. Nilimwona, Mayu. Nikajua kwamba kama nitaendelea kukaa pale nyuma karibu na jiko, mwezi ujao sangara watakuwa wamelala juu ya kitanda chako.

Hapo ndipo nilipokuona vizuri kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Katika kila kijiji, kabla hujafungua gunia, kabla hujateremsha hata mwiko, ulikuwa unashuka na kitu kimoja tu mkononi, kigae cha chungu kilichovunjika. Ulikwenda nacho hadi jikoni kwa mwenye kaya, ukapiga magoti, ukaomba moto. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika khanga yako. Siku moja nilikunong'oneza, "Mayu, kiberiti tunacho."

"Tunacho," ukasema, "lakini hakijui kusalimia."

Nilicheka, nikadhani ni utani.

Nilitafuta kigae. Sikukipata, nikachukua kifuniko cha bati. Kutoka kwenye basi hadi jikoni kwa Ng'wana Nkwabi ni hatua chache, lakini kila moja nilitaka kugeuka. Alikuwa anapepeta mtama. Wakwe zake waligeuka kunitazama. Nilipiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," nikasalimu.

"Mwangaluka." Ungo haukusimama. "Ni nani huyu analia kama mbu?"

"Ni mimi. Minza."

"Minza gani?"

"Wa kwenye basi."

"Ala! Basi limekuzaa?"

Wakwe wakaangua kicheko. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Hapana, mayu. Ni Ng'wana Maduhu. Wa Bariadi."

"Mhola huko Bariadi?"

"Mhola, mayu, ni salama."

"Basi, Ng'wana Maduhu, umefuata nini kwangu?"

"Moto."

"Jana ulikuwa nao. Umeuuza?"

Mkwe mmoja ilibidi ashike nguzo kwa kucheka. Mayu, ningeweza kuondoka. Nilitazama vidole vya miguu yangu kama kawaida, kisha nikainua uso, sijui nilipata wapi nguvu hizo.

"Ule wa jana ulikuwa kiberiti tu," nikasema. "Moto nimekuja kuuomba leo."

Ungo ukasimama.

"Mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Alikuwa anakwenda kuomba yeye, mimi nikiwa nyuma yake. Sasa hayupo. Nyuma ya nani nisimame?"

Ng'wana Nkwabi aliuweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye khanga yake.

"Pole, mwanangu," akasema. Kisha sauti yake ikarudi ile ya kufukuza ndege. "Haya, inuka! Magoti hayapiki. Lete sufuria zako hapa, kubwa zote. Na ninyi mmecheka vya kutosha, mchukueni mwenzenu mkamwonyeshe maji."

Tulipika kwenye mafiga yake. Nilitoa michembe yote iliyokuwa ndani ya basi, yeye akaongeza karanga zake mwenyewe, akanionya nisitie chumvi mpaka aone.

"Chakula chote hiki ni cha nani?" akauliza.

"Cha wanaosubiri mizani."

Alichungulia nje. "Wako wapi?"

"Bado hawajaja."

"Unapikia watu wasiokuwepo?"

"Ndiyo, mayu."

Aligeuka kwa wakwe zake. "Mmesikia? Huyu ni mwanamke. Ninyi mnasubiri mume aseme ana njaa ndipo mtafute kuni."

Ilipoiva tulibeba sufuria hadi barabarani, mbele ya mizani yetu. Mikokoteni ilikuwa ingali inapita. Nilisimama karibu yake, nikangoja aite. Hakuita. Alikunja mikono yake minene juu ya kifua.

"Ita," akasema.

"Mimi?"

"Moto nimekupa. Sauti sina ya kukuazima."

Mayu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Nilimwona Baba pembeni ya basi, na karani akiwa na godoro lake begani, na Sitta amesimama na gunia mkononi, wote wananitazama. Nikaita.

"Karibuni chakula! Baba zangu, mnapita na njaa mnakwenda wapi? Karibuni! Na mizani iko hapa!"

Sauti ile ilinishtua hata mimi. Ilikuwa yako kidogo, lakini si yako kabisa. Ilikuwa nyembamba zaidi na ilifika mbali zaidi. Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa mbele aliwasimamisha ng'ombe wake.

"Kuna nini humo?"

"Michembe na karanga, baba."

"Ina chumvi?"

"Onja uniambie."

Alishuka. Akaonja. Akatafuna akitazama upande wa lori la wenzetu, kisha upande wetu, kisha akamwona Ng'wana Nkwabi aliyesimama kando yangu kama mama wa harusi.

"Ng'wana Nkwabi, hawa umewapa moto?"

"Hicho unachotafuna kimeiva kwa moto wa nani?"

Mzee akacheka, akageuza ng'ombe. Aliyekuwa nyuma yake akageuza pia. Punde si punde mikokoteni ilijipanga kutoka mtini hadi kwenye mashimo ya udongo, watu wamekaa juu ya pamba zao na makombo ya karanga kwenye ndevu, wakibishana kuhusu mvua, na Sitta akapandisha gunia la kwanza kwenye ndoano.

"Karani!" Baba akaita. "Karani yuko wapi?"

Masunga alikuwa analitandaza godoro lake juani, kando ya basi.

"Nipo, mzee, nipo," akasema. "Nilikuwa nalianika tu."

Mpaka leo Sitta akimwona Masunga amenyamaza humuuliza kama godoro limekauka.

Tulikaa Shishiyu kuliko tulivyopanga. Kila asubuhi nilikwenda na kifuniko changu kuomba moto, ingawa makaa ya jana yalikuwa bado yana uhai, na kila asubuhi Ng'wana Nkwabi alinichokoza kabla ya kunipa. Wanaume wa shikome walifunua sufuria yangu kwanza kabla ya nyingine, mpaka wakwe wakaanza kunionea wivu, nikawafundisha kufunga mfuniko kwa mpira. Vijiji vilivyofuata vyote vilikuwa vipya, na katika kila kimoja nilishuka mimi kwanza. Miguu ilikuwa inatetemeka vilevile. Niligundua kwamba inaweza kutetemeka huku inatembea.

Safari ya kurudi nilipika njiani. Niliweka maharage kwenye jiko tulipoiacha Maswa, nikafunga mfuniko, nikakaa pale nilipokuwa nikikaa utotoni. Mto Simiyu ulikuwa mchanga mtupu, ng'ombe wanachimbiwa maji. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na vumbi letu lilikuwa linatufuata kama umati. Sitta aliimba nyimbo za kulima, karani akamkosoa maneno, na Baba, ambaye tangu ulipoondoka hakuwahi kuimba tena, akaitikia. Aliitikia bila kugeuka, macho yakiwa barabarani. Nilijifanya nakagua mvuke.

Tulipoukaribia mji alianza kupiga honi. Alipiga kutoka kwenye mashine ya kuchambua pamba hadi nyumbani, na honi ikakohoa njia nzima, na watu wakatoka kwenye maduka kutazama. Mama muuza vitumbua alipunga mwiko. Watoto walikimbia nyuma. Jirani yule aliyekuwa anasema tumefuga chuma akatoka amevaa kiatu kimoja.

Mtu wa Lamadi alikuwa anatungoja uani. Alikuja na fundi wake. Kabla hatujasimama vizuri alikwisha kulipiga teke tairi.

"Karibuni, karibuni! Mzee, naona limerudi limechoka."

"Limefanya kazi," Baba akasema.

"Na watu wako? Walikuacha wapi safari hii?"

Mlango ukafunguka. Karani akashuka na sahani ya maharage. Sitta akashuka nyuma yake na sahani mbili. Walimsalimu kwa adabu na vinywa vilivyojaa, wakaketi kwenye ngazi.

Yule bwana alikohoa. "Hata hivyo, mzee, tulikubaliana tuzungumze."

"Haliuzwi," nikasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa basi, juu yao wote. Alinitazama, kisha akamgeukia Baba. "Nazungumza na mwenye gari, mzee."

Baba alikuwa anapangusa vumbi usoni kwa kitambaa. Alichukua muda wake wote.

"Mimi ni dereva," akasema. "Mwenye nyumba ndiye huyo uliyemsikia."

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele, Mayu. Shangazi, aliyekuwa amekuja na majirani kutupokea, alirusha khanga juu. Yule bwana si mtu mbaya. Alisimama kidogo, akatabasamu kama mtu aliyeshindwa bao, nikamwambia, "Lakini karibu chakula, baba. Ni cha njiani, bado kina moto." Alikaa. Alikula, akaongezewa, akaniuliza kama naweza kumtafutia mpishi wa watu wake wa samaki. Nilimwambia wapishi wapo, aende akaombe vizuri.

Hiyo ndiyo habari ya basi lako. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia kwamba nimekulindia kitu chako. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaza wakati tunaondoka, kwamba nikipika kama wewe, nikiweka karanga kama wewe, basi litabaki kama ulivyoliacha na wewe utakuwa hujaondoka kabisa. Halikubaki kama ulivyoliacha. Sanduku la mchanga nimelisogeza upande wa kushoto kwa sababu mimi natumia mkono huo. Kitanda chako nalalia mimi, na sikulii tena nikikilalia. Nakukumbuka, lakini nakukumbuka huku ninafanya kitu, na nadhani ungependa iwe hivyo.

Jana jioni Baba aliniuliza kama mwakani tuanzie Dutwa, kama ulivyokuwa ukianza wewe. Alikuwa anaangalia pembeni, anaogopa kunilazimisha. Nilifikiri kidogo tu. Nikamwambia hapana, Baba, Dutwa wanatujua. Tuanzie mahali ambapo Mayu hakufika.

Pumzika kwa amani, wewe uliyenitangulia kila mlango hadi nilipojua kubisha mwenyewe. Baba anakusalimu. Anasema ugali wake haukuwa mbaya kiasi hicho.

Ni mimi binti yako,
Minza, mpishi wa basi
Bariadi